Tumewashinda kwa Alama Arobaini na Saba

1

Keki ilichorwa ramani ya nchi mbili. Rukozi yetu ilipakwa krimu ya kijani, Mbawera ikapakwa ya kahawia, rangi ya tope, na Daktari Fumbwe Malekano akahakikisha kisu kinaanzia kwenye kahawia. Watu wazima sabini wenye shahada zao wakapiga makofi. Mimi nilisimama karibu na mlango na kisahani kitupu mkononi, nawaangalia wenzangu wanavyotafuna majirani.

"Themanini na nane kwa arobaini na moja," alisema Daktari Fumbwe. Huyu ndiye mkurugenzi wetu wa Tume ya Mlinganisho, mtu anayejipiga kifua hata akitangaza zamu za kufagia ofisi. "Ndugu zangu, tumewashinda kwa alama arobaini na saba. Hizi si porojo za vijiweni. Ni ushahidi wa kisayansi kwamba maisha ya Mrukozi ni bora mara mbili ya maisha ya Mmbawera."

Bora mara mbili, eti. Asubuhi ile nilikuwa nimeoga kwa kikombe. Kwetu maji hutoka Jumanne na Jumamosi, tena yakijisikia. Ng'ambo ya barabara, huko Mbawera, maji hutoka kila siku, ila umeme wao hukatika mara nne kabla ya adhuhuri na mkate wao una ladha ya boksi. Shule zetu zina madawati, zao zina walimu. Sisi tuna mabasi yanayojiendesha yasiyo na barabara ya kupita, wao wana lami safi na mabasi mabovu. Ukiviweka vyote mezani kwa akili timamu utaona nchi mbili za hovyo zilizogawana uhovyo wao sawa kwa sawa. Lakini nani anayemlipa mtu mshahara ili aseme hivyo?

Daktari akafuta krimu kidoleni, akafungua karatasi. "Na kwa mujibu wa Kifungu cha Kumi na Mbili cha Mkataba wa nchi zetu mbili, nchi inayovuka alama themanini inahesabika kuwa inajitosheleza. Kuanzia Jumatatu raia wetu hawataruhusiwa kuvuka kwenda kutibiwa Mbawera. Enzi za kuombaomba zimekwisha." Wakapiga makofi tena, wengine kwa kusimama.

Rukozi nzima haina mashine hata moja ya kusafisha damu. Zilizo karibu ziko Mbawera, katika Wadi ya Figo iliyojengwa na wafadhili wa Mkataba, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka pale tulipokuwa tunakata keki. Warukozi kumi na tisa huvuka kwenda kulazwa kwenye mashine hizo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mmoja wao ni mama mdogo wangu, Bi. Mwajabu, aliyenilea tangu nina miaka minne. Daktari wa kule alishanieleza kwamba akikosa mashine ataishi siku kumi, kumi na mbili akijaliwa. Nilirudisha kisahani mezani nikatoka nje.

2

Nieleze hizo alama zinavyopatikana, maana wanaozishangilia wengi wao hawajui.

Juu ya mlango wa kila sebule, katika nchi zote mbili, kuna kifaa cheupe kinachotosha kiganja. Watu wanakiita Sikio. Sikio linajua bomba lako lilitiririsha maji saa ngapi, taa zako zimewaka muda gani, na lina kitundu cha kunusa kilicho jikoni mwako. Vyote hivyo ni theluthi moja ya alama. Theluthi mbili zinatoka mdomoni mwako. Kila asubuhi Sikio linakuuliza swali, kisha linapima maneno yako na mtetemo wa sauti yako kwa sekunde sita. Zikipita sita linaziba. Waliolitengeneza, watu wa mbali sana na hapa, walishikilia kwamba jibu la kwanza ndilo la kweli kwa sababu mtu hajapata muda wa kutunga uongo.

Kwao huenda ni hivyo. Kwetu Vitongo ukimkuta mtu ametoka kuzika ukamuuliza habari, atakujibu nzuri. Atakuuliza za kwako, za watoto, za kazi, za safari. Mkimaliza zote ndipo atakaposhusha pumzi na kusema, "Nzuri, ila tumepatwa na msiba." Hiyo ila ndiyo habari yenyewe. Yaliyotangulia ni mkeka tu unaotandikwa ili habari ipate pa kukaa. Hakuna mkeka unaotandikwa kwa sekunde sita.

Utasema Wambawera nao ni watu walewale, na ni kweli. Kabla ya mgawanyo Vitongo ulikuwa mji mmoja, na mpaka wenyewe ni barabara iliyopita katikati ya soko. Basi kwa nini wao wana arobaini na moja? Hapo ndipo ninapoingia mimi, Mwantumu Kisoki, fundi mkuu wa vipimo, na sitajifanya malaika.

Sikio lilipokuja lilikuwa na swali moja tu, nalo lilisema, "Taja kero yako." Wambawera walinuna, wakazoea. Leo hii Mmbawera akifungua macho tu anataja kero, mgongo, mbu, mkwe, chochote. Watu wa kwetu walikataa katakata. Kitu kinachoingia nyumbani kwa mtu na kuuliza kero kabla ya salamu ama ni kichaa ama ni polisi. Walilifunika kwa kanga. Mzee mmoja wa Kwa Mnyagatwa alilitwanga kwa mchi. Nilikuwa fundi mpya, nikaona kazi inanitoka mkononi, nikarudi nyumbani nikamketisha mama mdogo kitako na kinasa sauti. "Hamjambo humu ndani? Habari za asubuhi?" Sauti yake ni ya taratibu, yenye kicheko cha mbali. Niliipandikiza kwenye Masikio yote ya Rukozi, yakawa yanasalimu kwa sauti hiyo, hata kwa majina, nikalifuta lile swali la kero, na ndani ya wiki moja nchi nzima ikawa inajibu.

Mkataba unasema swali liwe moja kwa nchi zote mbili. Sikuandika popote kwamba nimelibadilisha. Nilipandishwa cheo. Miaka tisa nimekaa kwenye kiti kile nikiwacheka wenzangu kwa ujinga wao, na ujinga wao niliutengeneza mimi.

3

Ijumaa nilimsindikiza mama mdogo kuvuka barabara. Geti lilisoma kiganja chake likafunguka, na kwenye kioo pakaandikwa: ruhusa ya mwisho. Yeye hakusoma. Alikuwa anaangalia mabango ya upande wetu, picha ya familia inayocheka chini ya namba themanini na nane, kubwa kama nyumba.

"Tumewapiga kweli," alisema.

"Mama mdogo, tumempiga nani? Wewe unavuka kwenda kwao kuomba uhai."

"Ndiyo, lakini tumewapiga." Akaongeza mwendo kidogo, na ile miguu yake iliyovimba kama mikate ya kumimina.

Katika wadi, kitanda chake kiko pembeni ya kitanda cha Mwalimu Lugendo, Mmbawera, mwalimu mstaafu wa jiografia. Miaka miwili wamelala hapo bega kwa bega, damu zao zikizunguka kwenye mashine, na miaka miwili hawajaacha kubishana nchi ipi ni afadhali.

"Dada Mwajabu, hongera," alisema Mwalimu Lugendo alipotuona. "Nasikia siku hizi mnaishi peponi."

"Tunajitahidi, kaka."

"Na huko peponi mashine ya figo ipo?"

"Inakuja."

"Inakuja tangu enzi za mgawanyo. Ikitokea nyota gani hiyo?"

"Nyinyi yenu mmejengewa. Mmelialia mpaka wazungu wakawaonea huruma. Hata haya hamna."

"Haya haisafishi damu, dada." Alinigeukia mimi, akapunguza kejeli. "Mwanangu, usidhani na sisi tuna akili. Jana mke wangu alilalamika kwamba jua limewaka sana. Juzi alilalamika hakuna jua. Tunalia mpaka tumesahau kinachotuliza. Lakini angalia, mimi Jumatatu nitakuwa kitandani hapa. Yeye je?"

Nilimweleza lililobaki, yaani rufaa ya kaya. Kaya yoyote inaweza kuomba ipimwe upya mbele ya mkurugenzi. Ikipata chini ya hamsini, wakazi wake wanapewa kibali cha kuvuka hata kama geti limefungwa kwa wengine. Kaya yetu ni watu wawili, mimi na yeye. Nilishapiga hesabu: kwenye rufaa jibu la chini ndilo linalohesabiwa kwa kaya nzima, kwa hiyo mmoja wetu tu akisema ukweli ndani ya sekunde sita, tunashuka chini ya hamsini.

"Basi mfundishe kulalamika," alisema Mwalimu. "Ningemfundisha mwenyewe, bure kabisa."

"Sitaki mafunzo ya Kimbawera," alisema mama mdogo, macho ameyafumba.

Ipo njia nyingine, na Mwalimu hakuijua. Kifungu cha Ishirini kinasema kipimo kikionekana kina kasoro, alama za nchi zote mbili zinasimamishwa na geti linabaki wazi kwa kila mgonjwa mpaka watu wapimwe upya. Aliyechezea kipimo anafungwa miaka minane. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya vitanda viwili, na neno moja langu lingewatosha wagonjwa wote kumi na tisa. Sikulisema. Nilijiambia kwamba nikifungwa hakuna wa kumwosha mama mdogo, hakuna wa kumpikia chakula kisicho na chumvi, hakuna wa kumsukumia mlango wa choo. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba niliogopa, na kwamba nilikipenda kile kiti changu.

4

Jumamosi asubuhi tulifanya mazoezi sebuleni.

"Mimi ndiye Sikio. Habari za asubuhi, mama?"

"Nzuri."

"Mama mdogo."

"Samahani. Rudia."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri kidogo."

Mara ya saba aliweza. "Naumwa. Naogopa." Alilisema haraka huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayetema kitu. Mara ya kumi alilisema bila kuinama. Nilimbusu mkono. Nami nilikuwa na langu tayari: mama yangu anakufa kwa sababu ya geti. Nilikuwa nimelirudia bafuni, na njiani, na mbele ya kioo. Tulikuwa tumeiva.

Saa nne Daktari Fumbwe akabisha hodi, suti ya kijani, na kisanduku cha Sikio la rufaa kwapani. Alikuja mwenyewe kwa sababu mimi ni mtumishi wake, na kwa sababu alitaka kuonekana anajali. Alizaliwa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Mama yake alikuwa mkunga, na mama mdogo aliinyooshea mkono picha yake iliyo ukutani kwetu kumkumbusha.

"Karibu, mwanangu. Karibu sana. Kaa hapo, usikae hapo, hapo pana jua. Mwantumu, mletee mgeni chai."

"Nisisumbue, mama, ni kazi ya dakika moja."

"Hakuna kazi ya dakika moja nyumbani kwa mtu."

Nilileta chai na maandazi. Daktari akaliweka Sikio mezani, akasoma utaratibu kwa sauti ya redio, kisha akabonyeza. Sauti ya mama mdogo ikatoka kwenye kile kisanduku, changa kwa miaka tisa. Fumbwe hata hakugundua. Huyo ndiye mtu anayelipwa kusikiliza nchi nzima.

"Hujambo, Bi. Mwajabu? Habari za asubuhi?"

Nilimwona akivuta pumzi. Niliona midomo yake ikishika ile herufi ya kwanza. Kisha akamwangalia mgeni, andazi liko njiani kwenda mdomoni, mtoto wa mkunga, amekuja nyumbani kwake na bado hajatulia kitini, na uso wake wote ukabadilika ukawa uso wa kupokea wageni.

"Sijambo, salama kabisa. Karibuni."

Taa ya kijani ikawaka. Nilitaka kumtikisa. Mwanamke mzima, miguu imejaa maji, pumzi anaitafuta, na anaona vibaya kumharibia Fumbwe andazi. Nilimdharau sana kwa sekunde hiyo, nasema wazi, na nilijua zamu yangu ndiyo hii na mimi si mwenye kubabaika.

"Hujambo, Mwantumu? Habari yako?"

Ile ni sauti iliyoniamsha niende shule miaka kumi na mbili. Ndiyo iliyoniuliza nimekula, nimelala, nani kanipiga.

"Sijambo, nzuri tu," nikasema. "Shikamoo."

Taa ya kijani. Nilifunga mdomo lakini tayari lilikuwa limetoka. Daktari Fumbwe alisoma kioo, akatabasamu kwa huruma ya kiofisi. "Tisini na mbili. Kaya bora kabisa, kwa kweli, mnapita hata wastani wa taifa." Akalizima Sikio, akalirudisha kwenye kisanduku, akabana kifuli.

Mama mdogo alisubiri kifuli kilie. Alimsukumia mgeni sahani ya maandazi, akamuuliza habari za watoto wake, akajibiwa nzuri, za mkewe, nzuri. Kisha akashusha pumzi.

"Ila mwanangu, sikufichi," alisema. "Hali yangu si nzuri. Miguu hii unayoiona ni maji matupu. Nikilala chali sipati pumzi. Nikikosa ile mashine nitakufa kabla mwezi haujaandama, daktari wa kule amenieleza vizuri, hakunificha. Na mimi naogopa. Watu wanasema mtu wa umri wangu haogopi tena. Waongo hao. Naogopa sana, mpaka mchana kweupe nikiwa nachambua mchele nauacha nusu naenda kukaa mlangoni. Nataka niendelee kuwapo. Nataka niendelee kubishana na yule Mmbawera. Basi, ndiyo hali yenyewe, mwanangu. Nisamehe kwa kukuchosha."

Alikuwa ametumia dakika tatu. Kila neno lilikuwa kweli na lilikuwa limekuja mahali pake, baada ya salamu, kwa mgeni aliyeketi na kushika kikombe. Fumbwe analijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Aliangalia chini.

"Pole sana, mama. Pole sana kwa kweli. Bahati mbaya kipimo kimeshafungwa."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nakupa habari tu."

Alisema hivyo bila kinyongo, akaanza kuokota makombo ya andazi mezani kwa ncha ya kidole. Fumbwe aliinua kikombe chake kwa heshima, kama anayempa mkono mfiwa. Niliwaangalia wote wawili, walivyo na adabu. Huyu atakunywa chai amalize, atashukuru, ataaga, na baada ya wiki mbili atakuja na shada la maua. Na mimi nitampokea mlangoni, nitamwambia karibu.

"Fungua hicho kisanduku," nikasema.

"Mwantumu, utaratibu hauruhusu."

"Sikuombi umpime tena. Nataka usikilize sauti iliyo humo, kisha umsikilize huyu mama aliye mbele yako. Ni mtu mmoja. Nilimrekodi mimi, kwenye kochi hilo ulilokalia. Swali la Mkataba nililifuta, nikaweka salamu, nchi nzima, na sikuandika popote. Wambawera wanaulizwa kero. Sisi tunaulizwa hali. Hatujawahi kushindana nao hata siku moja."

Kikombe kilibaki hewani. Nilimwona akihesabu, na simlaumu, hata mimi nilihesabu kwa siku mbili: ile keki, yale mabango, watumishi sabini, yeye mwenyewe.

"Wewe umechanganyikiwa kwa ajili ya mgonjwa wako," alisema polepole. "Naelewa. Mimi sijasikia kitu. Unajua Kifungu cha Ishirini kinasema nini?"

"Kinasema geti libaki wazi. Na kinasema miaka minane."

"Na nani atamtunza?"

Alijua pa kunigusa, mwana wa mkunga. Nilimgeukia mama mdogo. Makombo yalikuwa bado kwenye ncha ya kidole chake, na alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nikivunja kitu cha watu.

"Atatunzwa na watakaobaki hai pamoja naye," nikasema. "Wako kumi na nane. Andika, Daktari. Jina Mwantumu Kisoki, fundi mkuu, namba ya kazi mia moja na nne. Usipoandika wewe navuka barabara sasa hivi naandikiwa na Wambawera, na wao wanajua kulalamika."

Mkono wake ulikwenda mfukoni, ukatoka na kalamu.

"Mwantumu," mama mdogo aliniita, kwa sauti ileile ya kwenye kisanduku, ya kunikanya. "Mgeni hajamaliza chai."

"Atamalizia ofisini," nikasema, nikaanza kutaja tarehe.